Japani: Mlima Fuji umefurika, vijiji vya milimani vinabaki na dubu

Habari mbili kutoka Japani zimekuwa zikipishana kwenye simu zetu. Ya kwanza: watalii wamejaa Mlima Fuji hadi mamlaka zikaweka geti na kiingilio. Ya pili: dubu wanashuka kutoka milimani, wanajeruhi na kuua watu, na jeshi limeitwa kusaidia.

Ukizisoma harakaharaka utadhani hazihusiani. Zinahusiana, tena sana. Zote zinarudi kwenye jambo moja: Japani ina watu wengi mno sehemu chache, na mashambani watu wanaisha.

Na kwa yeyote anayeota kutembea kwenye misitu na vijiji vya huko, hili ndilo litakaloamua kama njia hizo zitakuwepo miaka 20 ijayo.

Geti Mlima Fuji

Mwaka 2024 Japani ilipokea karibu wageni milioni 37, rekodi wakati huo. Mwaka 2025 wakapita milioni 40. Serikali inataka wafike milioni 60 ifikapo 2030.

Wengi wao wanakwenda kulekule: Tokyo, Kyoto, Osaka na Fuji.

Kwa msomaji aliyezoea habari za Kilimanjaro, ambako hupandi bila kulipa wala bila kiongozi, hili litamshangaza: kabla ya 2024, Fuji wenye urefu wa mita 3,776 haukuwa na kiingilio cha lazima. Ulikuwa unachangia kwa hiari tu.

Mwaka 2024 njia ya Yoshida, ile yenye watu wengi zaidi, ikawekewa geti, ada ya yeni 2,000 na kikomo cha watu 4,000 kwa siku. Mwaka uliofuata ada ikapanda hadi yeni 4,000 na kuhusu njia zote nne.

Chini ya mlima, mji wa Fujikawaguchiko ulifika mahali ukaweka wavu mweusi mbele ya duka moja, kwa sababu watu walikuwa wanasimama barabarani kupiga picha ya mlima ukitokea nyuma ya duka hilo. Wavu uliwekwa Mei 2024, ukaondolewa Agosti.

Kuna na kisa cha Aprili 2025. Mwanafunzi mmoja wa kigeni aliokolewa kwa helikopta Fuji nje ya msimu. Siku chache baadaye akarudi kutafuta simu yake aliyoiacha mlimani, akaokolewa tena. Watu wakaanza kuuliza: kwa nini uokoaji wa namna hii uwe bure?

Nyumba milioni 9 hazina mtu

Sasa geuka upande wa pili.

Hesabu ya serikali ya 2023 ilikuta nyumba milioni 9 zisizokaliwa, karibu 14 kwa kila 100. Watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi ni karibu asilimia 29 ya Wajapani wote. Mwaka 2024 pekee, idadi ya raia ilipungua kwa zaidi ya watu 900,000.

Ripoti ya wataalamu iliyotoka Aprili 2024 ilisema halmashauri 744 kati ya 1,729 ziko hatarini kutoweka, kwa sababu wanawake vijana wanaobaki ni wachache mno.

Hapo ndipo njia za milimani zinapoingia. Njia ya msituni haijitunzi. Mvua kubwa ikinyesha, udongo unaporomoka. Mti ukianguka, lazima mtu aukate. Madaraja ya mbao yanaoza, vibao vinafutika. Kazi hii sehemu nyingi hufanywa na wenyeji, wengi wao wazee, bila malipo ya maana.

Basi la kumfikisha mgeni kijijini nalo linahitaji dereva, na madereva hawatoshi. Njia za mabasi ya vijijini zinafutwa moja baada ya nyingine.

Dubu wamesogea

Zamani kati ya kijiji na msitu mkubwa kulikuwa na ukanda ambao Wajapani wanauita satoyama. Hapo watu walikata kuni, walilima na kuokota matunda. Dubu alikuwa akifika hapo anasikia sauti za watu, anarudi.

Leo ukanda huo umeota vichaka. Matunda yanaiva na kuanguka bila mtu wa kuyachuma. Mwaka ambao mbegu za msituni hazikuzaa vizuri, dubu anafuata harufu mpaka mlangoni. Wawindaji nao wamezeeka, na vijana wanaochukua nafasi zao ni wachache.

Mwaka 2025 ukawa mbaya kuliko yote iliyorekodiwa: watu 13 waliuawa na zaidi ya 200 wakashambuliwa. Agosti, mpanda mlima mmoja aliuawa Mlima Rausu kule Hokkaido. Novemba, wanajeshi walipelekwa mkoa wa Akita kusaidia kubeba na kutega mitego. Mwisho wa mwaka, herufi ya kichina iliyochaguliwa kuuwakilisha mwaka mzima nchini humo ilikuwa moja tu: dubu.

Kuwatawanya watalii kunatosha?

Serikali inasema dawa ni kuwatoa watalii mijini na kuwapeleka mashambani. Wazo si baya. Lakini mtalii anayeshuka kwenye basi, akapiga selfi na kuondoka, anakiachia kijiji taka na foleni ya choo. Kinachosaidia ni yule anayelala na kula hapo.

Tazama Kumano Kodo, njia za mahujaji katika rasi ya Kii, zilizoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2004. Kutoka Takijiri hadi hekalu kuu la Hongu ni karibu kilomita 38. Wengi huhitaji siku mbili, kwa hiyo hulala kijijini Chikatsuyu. Mji wa Tanabe ulianzisha ofisi yake ya utalii mwaka 2006. Ikasahihisha vibao kwa Kiingereza, ikawafundisha wenye nyumba za wageni namna ya kuwapokea wageni, na ikaweka mtandaoni nyumba ndogondogo ambazo peke yake mgeni asingezipata.

Kwa hiyo fedha inabaki kwa mama mwenye nyumba ya vyumba vinne, haikimbilii hoteli kubwa ya mjini.

Au Tsumago, kwenye barabara ya kale ya Nakasendo. Mwaka 1971 wakazi wake walikubaliana mambo matatu: hakuna kuuza nyumba, hakuna kupangisha, hakuna kubomoa. Leo watu wanatoka mbali kutembea kilomita 8 hivi kutoka Magome hadi hapo, wakigonga kengele zilizowekwa njiani kuwafukuza dubu.

Na pwani ya kaskazini mashariki, baada ya tsunami ya 2011, ilichorwa njia ya Michinoku yenye urefu wa takriban kilomita 1,000, ikafunguliwa yote mwaka 2019. Lengo lilikuwa hilohilo: mgeni apite kwa miguu, taratibu, akilala kijiji hadi kijiji.

Tusidanganyane, hata mifano hii ina ufa. Mwenye nyumba ya wageni akifika miaka 80 na mtoto yuko Osaka, nyumba inafungwa. Usiku mmoja wa kulala ukikosekana katikati ya safari, njia nzima inakatika. Watalii peke yao hawarudishi watoto shuleni.

Fedha iende wapi?

Karibu kila anayeondoka Japani hulipa kodi. Serikali ilipanga kuipandisha kutoka yeni 1,000 hadi yeni 3,000 kuanzia Julai 2026. Ni fedha nyingi hiyo. Ikiishia kwenye viwanja vya ndege na matangazo, italeta watu zaidi Fuji. Ikilipa mishahara ya watunza njia, madereva na wawindaji vijana, kijiji kinaweza kupumua.

Ukijaliwa kwenda, chukua kengele, uliza ofisi ya utalii ya mji kuhusu dubu kabla ya kuingia msituni, usitegemee ramani ya simu pekee, na lala kijijini walau usiku mmoja.

Serikali inahesabu wangapi wameingia nchini. Vijiji vinahitaji hesabu nyingine: wangapi wamelala hapa, na nani atafungua mlango mwakani.