Ndoa Hufuta Wosia

Kuandika wosia ni jambo la kupongezwa, hasa katika nchi yetu ambamo wapo bado wanaoamini kwamba kutaja urithi ni kujiitia mauti. Lakini nionavyo mimi, hata walioandika wana kasoro moja. Mtu akishatia sahihi, karatasi huifungia sandukuni akadhani kazi imekwisha, hali maisha yake yanazidi kubadilika.

Sheria ya Urithi, iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981, haikubaliani na dhana hiyo. Kifungu cha 19 chasema kwamba mtu aoapo au aolewapo, wosia aliouandika kabla ya ndoa hiyo unatanguka, isipokuwa uwe umeandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo, na mchumba mwenyewe akatajwa.

Tuchukue mfano wa kijana aliyeandika, kabla hajaoa, kwamba ploti yake apewe mamake mzazi. Akioa, karatasi ile haina nguvu tena. Akifariki bila kuandika nyingine, atahesabiwa kuwa hakuacha wosia, na sheria itawatazama kwanza mjane na watoto. Mama akitaka fungu itambidi athibitishe kwamba alikuwa akitunzwa na marehemu. Hapo ndipo mavyaa na mkazamwana wanapogeuka maadui, kila mmoja akimwona mwenzake mwizi, kumbe mkosa ni yule aliyekwisha kuzikwa.

Talaka nayo ni kinyume cha ndoa. Sheria yetu haisemi kwamba talaka hufuta wosia. Jina la mtalaka hubaki pale pale mpaka mwenye mali alibadilishe mwenyewe.

Vipi mtoto aliyezaliwa baadaye? Kuzaliwa kwake hakubatilishi wosia, ila kifungu cha 26 chamruhusu kuiomba mahakama imtengee fungu. Lakini ya nini kumpeleka mwanao kortini kudai kitu ambacho ungempa kwa mistari miwili?

Wengine husema, "Mimi nitawaambia wazee, watakumbuka." Wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa raia wa kawaida hauna nguvu kama msemaji hakufariki katika miezi mitatu. Ukiishi mwaka mzima, maneno yako yamekwenda na upepo.

Wala usichukue kalamu ukafuta jina hili na kuandika lile. Mabadiliko hayo hayafai kitu bila sahihi yako na ya mashahidi wawili. Ni afadhali kuandika wosia mpya unaotangua ule wa zamani, na mashahidi wasiwe watu wanaorithi. Kumbuka pia fomu ya chama cha akiba na mikopo, kwani fedha zile hulipwa yule uliyemwandikisha humo. Nao ndugu zetu Waislamu hufuata sheria ya dini yao, ambayo wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali.

Basi shauri langu ni hili: ukioa, ukiachana, ukipata mtoto, ukifiwa na mrithi au ukinunua shamba, itoe karatasi uisome upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu watajengewa wanao, katikati ya boma lako.