MANENO YA MHARIRI: CHUMA KILICHOKUFA NA CHUMA KILICHO HAI



Mwezi huu twataka kusema jambo ambalo kila mtu wa reli analiona kwa macho yake lakini mkutanini halisemi kwa kuona haya. Jambo lenyewe ni biashara ya vyuma kuukuu.

Kwanza tukumbuke vilivyokuja. Reli kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea kupita Malaba na Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Injini za moshi zilitaka maji kila baada ya mwendo si mrefu, tena njia ni moja, treni lazima zipishane. Ndiyo sababu zilijengwa stesheni ndogo nyingi, pamoja na matangi na nyumba za watu wa genge. Kisha zikaja injini za dizeli, zisizosimama kunywa maji. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifika Eldoret na Kisumu, mabehewa ya mafuta yakapungua. Malori nayo yakachukua mizigo mingi. Foleni yake hapa Malaba twaijua sote. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni kwa miaka 25, lakini mkataba ulivunjika mwaka 2017. Reli mpya ilifika Nairobi mwaka huo huo wa 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019, haikutufikia sisi.

Basi stesheni nyingine zimebaki bila watu. Milango imeng'olewa, mabati yamekwenda, mbuzi wanalala palipouzwa tikiti.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika nchi ya Uzbekistan, iliyokuwa ndani ya Muungano wa Sovieti hadi mwaka 1991, uko mji wa Moynaq. Ulikuwa bandari ya wavuvi katika Bahari ya Aral. Serikali ikageuza maji ya mito kumwagilia mashamba ya pamba, bahari ikarudi nyuma, na meli zikabaki juu ya mchanga zikishika kutu. Nyingi zilikatwa zikauzwa chuma. Mji uliojengwa kwa kazi moja, kazi ikiondoka, hubaki mifupa. Na mifupa haikosi fisi.

Lakini, ndugu, kuna chuma kilichokufa na chuma kilicho hai. Zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizoletwa miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa 34. Leo zimebaki mbili tu, katika makumbusho ya reli Nairobi. Nyingine zilikatwa, maana kazi yao ilikwisha. Hata katika shule ya misheni tuliyosoma, kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Hicho hakikumdhuru mtu.

Ama vifungo vinavyoshika reli kwenye mataruma ni chuma kilicho hai. Treni bado zapita. Si mara moja tumetoka asubuhi na genge tukakuta vifungo vimeng'olewa usiku, na treni ya mizigo inatazamiwa. Dereva haoni kifungo kilichokosekana. Anayekifungua kwa ajili ya shilingi chache ameweka roho ya dereva huyo kwenye mizani pamoja na kile chuma.

Na tusijifanye malaika. Vijana hawa si wageni. Wengine ni watoto wetu, wamezaliwa katika nyumba za reli, wanajua spana gani hufungua nini. Baba alipunguzwa kazi, kijana hakupata kazi, na mwenye mizani haulizi swali. Sheria ya vyuma kuukuu ya mwaka 2015 yataka mfanyabiashara awe na leseni. Mwezi wa Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukosa taa, Serikali ilipiga marufuku biashara yote, ikaifungua tena mwezi wa Mei. Marufuku ilipita, njaa ya kijana ikabaki.

Kwa hiyo twaleta mashauri manne.

1. Kila tawi liandike daftari la vitu vilivyoachwa katika sehemu yake: nyumba, matangi, mabehewa, reli za akiba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Chuma kilichokufa kiuzwe mchana, kwa zabuni, na mjumbe wa chama awepo penye mizani. Wakubwa waseme fedha zimekwenda wapi, na wastaafu wakumbukwe kwanza.

3. Nyumba tupu wapewe wafanyakazi kwa kodi ndogo. Nyumba yenye moshi jikoni haiibiwi bati.

4. Ikiwa ulinzi na ukataji wa majani vyatolewa kwa mkataba, vijana wa hapa hapa waajiriwe. Anayekula kwa reli hatakubali iliwe.

Na sisi wenyewe, mwanachama asiuze, asinunue, wala asimfiche auzaye kilicho hai, hata akiwa mwanawe. Twajua ni neno gumu. Lakini siku treni itakapoanguka, hatutaweza kumwambia mjane wa dereva kwamba tulikuwa tukiona haya.

Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi, na majibu yaandikwe.

Umoja ni nguvu.