Ngazi na Umri wa Nyumba



Wiki iliyopita tulikuwa Juja kwa mpwa wetu, fundi ajengaye magorofa ya kupangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Baada ya chakula alitueleza azma yake: kuivunja ngazi ya nyumba ya bibi yake, mama yetu, kule Lamu, na kujenga ya saruji na vyuma. "Mjomba, nachelea bibi asije akaanguka," alisema.

Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, tulimwomba autazame kwanza umri wa nyumba. Gorofa la Juja husimama juu ya nguzo za saruji na vyuma, na kuta zake ni za mawe ya kuchonga ya Ndarugu. Ngazi hufungamanishwa na nguzo hizo tangu mwanzo. Nyumba ya mama ni ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na ngazi yake imelazwa juu ya boriti za mikoko. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, mzigo ambao kuta hizo hazikuandaliwa. Tena saruji haipumui kama chokaa: unyevu husalia ukutani, na ncha za boriti zikaoza pasipo kuonekana. Navyo vyuma, karibu na bahari, hushika kutu, vikavimba na kulipasua zege.

Je, ngazi iachwe ilivyo? Hasha! Aitwe fundi ajuaye nyumba za kale, azikague boriti, hususan ncha ziingiazo ukutani. Iliyooza itegemezwe kwanza, kisha ibadilishwe, moja baada ya nyingine. Vidato vilivyolika vijengwe upya kwa chokaa, na kishikio cha mbao kiongezwe. Kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, idhini nayo itafutwe mapema.

Tusisahau Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na roho zikapotea.

Mpwa wetu alinyamaza, kisha akasema, "Basi, Mjomba, nitakwenda kuitazama tu. Nyundo nitaiacha Juja." Nasi tumemsihi mama alale chumba cha chini mpaka kazi itimie.

Wabillahi tawfiq.