Bure si Huria

Mfanyabiashara ajuaye kazi yake hutoa jina kabla ya kuuza. Microsoft iliita programu yake ya kuandikia Word, na mfumo wake wa kuendeshea kompyuta Windows: neno na madirisha, vitu alivyokuwa navyo kila mtu kabla kampuni hiyo haijazaliwa. Kisha ikayazungushia majina hayo ua. Mwaka 2001 iliishitaki kampuni iliyouza mfumo wa Linux kwa jina la Lindows. Mwaka 2004 wakapatana, Microsoft ikalipa dola milioni 20 na mwenzake akabadili jina. Asiyeamini kwamba jina ni mali, na aizingatie hesabu hiyo.

Wenye programu zilizo wazi, ambazo mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa, wao huzipa majina ya mzaha. Richard Stallman alipoutangaza mradi wake mwaka 1983 aliuita GNU, kifupi chenye maana kwamba GNU si Unix. Jina linalojitambulisha kwa kukana! Tena Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa. Ndiyo maana mwaka 1998 wengine waliliacha wakachagua kusema chanzo kilicho wazi, wasije wakawatisha matajiri.

Kiswahili hakina dhiki hiyo. Kina bure, kina huru na huria. Hata hivyo wauzaji na walimu wa kompyuta huziita programu hizo "za bure", na bure kwa Mswahili ni pia kisicho na faida: kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Msikilizaji keshazidharau kabla hajazifungua. Watasema wengine kwamba jina si kitu maadamu chombo chafanya kazi. Mbona basi hakuna akiitaye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, chuo cha bure? Ada hulipwa, na mlango u wazi, watu wameelewa.

Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa ya kusifiwa. Jina likawa Jambo OpenOffice. Jambo! Salamu apewayo mtalii ashukapo bandarini, ikifuatwa na Kiingereza kitupu. Mwenyeji akakaribishwa kwake kama mgeni.

Na ziitwe programu huria, madukani, madarasani na maofisini. Aambiwaye bure huuliza kasoro iko wapi. Aambiwaye huria huuliza haki yake ni ipi.