Mwovu Auawa, Wakubwa Zake Waachwa

Filamu ya Kimarekani iitwayo Training Day, iliyotoka mwaka 2001, imekwisha tazamwa na watu wengi mno duniani, na walio wengi huimaliza wakiwa wameridhika. Polisi mwovu amekufa. Polisi mwema amerudi salama kwa mkewe na mtoto wake. Haki, wanasema, imetendeka. Kuridhika huko ndiko hatari kubwa kuliko risasi zote zinazofyatuliwa katika filamu hiyo. Maana anayeitazama kwa makini hana budi kuona kwamba haki haikutendeka. Aliyeuawa ni mtumwaji. Waliompa hati na muhuri wamebaki katika viti vyao.

Habari yenyewe ni ya siku moja katika mji wa Los Angeles. Askari kijana, Jake Hoyt, anataka kutoka katika kazi ya doria na kuingia kikosi cha kupambana na dawa za kulevya. Anakabidhiwa kwa Alonzo Harris, mpelelezi mzoefu na mwenye jina, ili apimwe. Jua halijawa kali, Alonzo amekwisha mwelekezea kijana huyo bastola na kumshurutisha avute bangi waliyowanyang'anya vijana barabarani, bangi ambayo imechanganywa na dawa kali. Saa chache baadaye Alonzo anaingia katika nyumba ya watu na kuipekua, na karatasi anayoionyesha kuwa ni hati ya upekuzi ni orodha ya vyakula vya hoteli ya Kichina. Kabla ya siku kuisha ameiba, ameua, na ameupanga uongo wa kuficha mauaji hayo.

Alonzo ana falsafa yake. Husema kwamba anayetaka kuwalinda kondoo hana budi naye kuwa mbwa mwitu. Watazamaji wengi, na miongoni mwao wamo watu waliosoma, huipokea hoja hii kama hekima ya mtu aliyeiona dunia. Ni hoja ya kijinga. Ni sawa na kusema kwamba zizi hulindwa vema na fisi, kwa kuwa fisi huwafahamu fisi wenzake. Mlinzi aliyegeuka fisi atakula nini usiku ukiingia? Fisi wenzake hawampi nyama yao. Atakula kondoo, na asubuhi atamwonyesha mwenye zizi nyayo za fisi na kudai aongezewe mshahara.

Alonzo huyo huyo anajivunia kwamba upelelezi wake umewafunga watu vifungo ambavyo kwa jumla vinazidi miaka 15,000. Mtazamaji husikia idadi hiyo na kustaajabia bidii ya kazi. Angepaswa kuuliza swali moja tu: kama mpelelezi ni mwizi, mwuaji na mzushi wa ushahidi, katika miaka hiyo 15,000, ni mingapi waliyotumikia watu wasio na hatia? Filamu hailiulizi swali hilo.

Lakini kiini cha habari hii kipo mahali pengine, katika sehemu ambayo watazamaji huipita upesi. Adhuhuri Alonzo anakwenda hotelini kuonana na wakubwa watatu wa kazi, ambao yeye huwaita Wenye Hekima. Ana deni kubwa kwa majambazi wa Kirusi, na majambazi hao wamekusudia kumwua asipolipa. Wakubwa hao wanalijua jambo hilo. Hawamkamati. Hawamvui bunduki wala beji. Wanamshauri auhame mji, naye anapokataa, wanazipokea fedha alizozipora katika ile nyumba aliyoipekua kwa karatasi ya hoteli, na wanampatia hati ya kukamata mtu. Kwa hati hiyo Alonzo na wenzake wanaivamia nyumba ya mzee mmoja mwuza dawa, wanafukua dola milioni nne, wanajichukulia robo yake, na mzee huyo anauawa.

Basi katika siku hiyo moja kuna hati mbili. Ya kwanza ni karatasi ya orodha ya vyakula. Ya pili ni hati halisi, yenye nguvu zote za sheria, isipokuwa imenunuliwa. Watazamaji huicheka ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Ilipasa iwe kinyume. Karatasi ya hoteli inaweza kumdanganya mama mmoja mlangoni pake kwa dakika chache, naye baadaye akalalamika. Hati iliyonunuliwa haina mahali pa kulalamikiwa, kwa sababu anayepaswa kupokea malalamiko ndiye aliyeiuza. Ujambazi wa barabarani hufanywa na yeyote mwenye silaha. Ujambazi wenye muhuri hauwezekani bila ya mkubwa aliyekaa ofisini.

Tazama na mwisho wake. Warusi wanamwua Alonzo barabarani kwa sababu ya deni lake. Kisha inasikika taarifa ya habari kwamba afisa wa polisi ameuawa alipokuwa akitekeleza hati ya hatari. Yaani amekufa kazini, kwa heshima. Taarifa hiyo haikujiandika yenyewe. Yuko mkubwa aliyeitoa, na yuko karani aliyeipiga chapa. Uongo umemzidi umri mwongo mwenyewe. Na wale Wenye Hekima? Hawaonekani tena. Hakuna aliyewauliza neno, na yamkini kesho watakula tena katika hoteli ile ile na kumtafuta Alonzo mwingine. Hapo ndipo mtazamaji anapoinuka kitini akisema kwamba haki imetendeka!

Jambo jingine halina budi kusemwa waziwazi. Alonzo ni mtu mweusi. Wakubwa watatu mezani ni Wazungu. Mweusi anakufa barabarani kama mbwa mbele ya macho ya dunia nzima. Wazungu hawapati hata mkwaruzo. Mwaka 2002 mchezaji aliyeigiza nafasi ya Alonzo, Denzel Washington, alipewa Oscar ya mchezaji bora wa kiume, akawa mtu mweusi wa pili kupata heshima hiyo, baada ya Sidney Poitier mwaka 1964. Ufundi wake haubishaniwi. Lakini mtu huyo huyo alikuwa amemwigiza Malcolm X katika filamu ya mwaka 1992, akashindanishwa, asipewe. Alipokuwa mpigania haki za watu weusi alisifiwa. Alipokuwa jambazi mweusi alitunzwa. Kila mtu na apime mwenyewe maana ya jambo hilo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya sinema, na sinema ni mchezo wa kupumzisha akili. Hao na wayatazame yaliyotokea katika mji huo huo wa Los Angeles, katika kituo cha polisi cha Rampart. Mwaka 1996 polisi wawili wa kikosi cha kupambana na magenge walimpiga risasi kijana wa miaka 19 ambaye hakuwa na silaha. Wakamwekea bunduki ubavuni ili ionekane kwamba yeye ndiye aliyewashambulia. Kijana akapooza. Akafikishwa mahakamani, polisi wakaapa, hakimu akawasadiki, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 23. Ukweli haukutoka kwa sababu wakubwa wa kazi waliutafuta. Ulitoka mwaka 1999, baada ya mmoja wa polisi hao, Rafael Pérez, kukamatwa kwa kuiba kokeni katika ghala ya vielelezo ya polisi wenyewe, akaamua kusema ili apunguziwe adhabu. Kijana akafunguliwa akiwa juu ya kiti cha magurudumu, na mwaka 2000 mji ulikubali kumlipa dola milioni 15, fedha za walipa kodi.

Pérez aliwataja askari wenzake wapatao 70. Hukumu zaidi ya 100 zilifutwa na mahakama. Lakini waliofukuzwa kazi walikuwa wachache, na waliofungwa wachache zaidi. Je, watu zaidi ya mia walifungwa kwa uongo, na hakuna mkubwa aliyeona dalili yoyote katika majalada aliyoyatia sahihi? Kama hakuona, alikuwa akilipwa mshahara kwa kazi gani? Na kama aliona, tofauti yake na Wenye Hekima ni ipi? Mwaka 2001 Serikali ya Shirikisho ililazimika kuiweka idara hiyo ya polisi chini ya uangalizi wa mahakama, na uangalizi huo haukuisha kabisa mpaka mwaka 2013. Dawa iliyohitaji miaka 12 si dawa ya ugonjwa wa mtu mmoja.

Wala si Los Angeles peke yake. Miaka 30 kabla ya hapo, katika mji wa New York, polisi aitwaye Frank Serpico alikataa kupokea mgawo wa hongo ambao wenzake walikuwa wakipokea. Aliwaeleza wakubwa wake kwa miaka kadhaa. Kila mkubwa alimsikiliza, na kila mkubwa akakaa kimya. Ni mpaka habari hizo zilipochapwa katika gazeti la New York Times, mwezi Aprili 1970, ndipo meya wa mji alipoona haja ya kuunda tume, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mwanasheria Whitman Knapp. Februari 1971 Serpico alipigwa risasi ya uso katika msako wa dawa za kulevya. Alipona, na mwezi Desemba akatoa ushahidi mbele ya tume. Filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yake mwaka 1973 inastahili kutazamwa na kila mtumishi wa umma kabla hajaitazama Training Day, kwa sababu yenyewe haimfichi mtazamaji nani aliyekuwa akiufunga mlango.

Tume hiyo iliwagawa polisi wala rushwa katika mafungu mawili: wala nyama na wala majani. Wala nyama ni wale wanaoitafuta rushwa kwa nguvu, wakitumia madaraka yao kama panga. Wala majani hawaitafuti. Wanapokea tu kile kidogo kinachowajia njiani. Na tume ikasema jambo linalopaswa kumnyima usingizi kila mtu mwenye meza ya umma: kwamba kiini cha tatizo ni wala majani, kwa kuwa wingi wao ndio unaoifanya rushwa ionekane kitu cha heshima. Alonzo ni mla nyama. Lakini hakuota kama uyoga. Aliota katika malisho ya wala majani.

Hapo ndipo filamu hii inapomgusa mwalimu na karani ambaye hajawahi kushika bunduki. Mtumishi humtazama Alonzo, akajilinganisha naye, akajiona malaika. Hajaua mtu. Hajaiba dola milioni. Amepokea tu shukrani ya mwananchi ambaye jalada lake lilikuwa limepotea na likaonekana ghafula siku ile ile shukrani ilipofika. Amemwongezea alama mtoto wa tajiri ambaye hujitolea sana kwa shule. Ametia sahihi hati ya malipo ya kazi asiyoiona, kwa sababu mkubwa wake alisema itiwe sahihi. Huyo ni mla majani. Na siku mla nyama atakapohitaji muhuri, ataujua mlango wa kubisha.

Yafaa pia kuichunguza njia iliyotumika kumnasa Jake. Alonzo hakuanza kwa kumwambia aue. Alianza asubuhi kwa bangi. Jioni kijana anapokataa kushiriki mauaji na kuikataa fedha, anakumbushwa kwamba akipimwa damu dawa itaonekana, naye ataaibika. Kosa dogo la asubuhi lilikuwa kamba ya kumfungia jioni. Ndivyo watumishi wengi wanavyofungwa kila mahali: sahihi moja ndogo, zawadi moja ndogo, halafu mtu hawezi tena kufungua kinywa.

Jake anasifiwa kwa ushujaa wake, na kwa haki. Lakini alinusurika kwa bahati. Mchana alikuwa amemwokoa msichana wa shule aliyeshambuliwa na wahuni, na jambazi aliyetumwa kumwua aligundua kwamba msichana huyo ni binamu yake. Bila ya udugu huo, maiti yake ingekuwa imetupwa. Serpico naye alipona kwa bahati. Taifa lolote linalowaachia watumishi wake waaminifu walindwe na bahati limekwisha wasaliti. Anayefichua uovu hana budi kulindwa na sheria iliyoandikwa. Malalamiko juu ya idara yapokelewe na watu walio nje ya idara hiyo. Na anayetia sahihi aulizwe juu ya sahihi yake, awe wa cheo cha chini au awe yule ambaye watu wote husimama anapoingia.

Wamarekani wanapotetea idara zao husema kwamba ni tofaa moja tu lililooza, na wakiisha litupa wanatangaza kikapu ni safi. Waswahili wana methali yao: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Watu husema kwamba methali hiyo inawaonea samaki wazima. Sivyo. Inamwonya mnunuzi asimsadiki mchuuzi anayemtupa samaki mmoja mbele ya macho yake, kisha akamtaka anunue tenga zima bila ya kulifunua. Training Day imemtupa samaki mmoja, kwa kishindo na kwa ustadi mkubwa. Tenga bado limefunikwa, na harufu ingalipo.