Kabla ya Eafraya, Nunua Kitu Kinachoivisha Muthokoi

Wasee, nitasema hii halafu mnitukane huko chini mkitaka. Eafraya si kitu cha kwanza cha kununua ukipata keja yako. Si cha pili pia.

Kila wiki naona video ile ile. Bedsita ya Joska ama Kamulu, godoro bado liko chini, mapazia hayajafika, lakini juu ya kaunta kuna eafraya nyeusi inang'aa. Boksi linafunguliwa polepole, muziki uko chini, vibanzi vinatoka rangi ya dhahabu, laiki zinamiminika. Mimi huuliza tu: kesho huyu mtu anakula nini? Anakula maharagwe ya kupimiwa kibandani, ama anachemsha yake kwa koili masaa matatu akilia na tokeni. Eafraya ni feni na waya wa moto ndani ya boksi. Kazi yake ni kukausha. Chakula chetu huku Ukambani hakitaki kukaushwa, kinataka maji na muda.

Chukua muthokoi. Mahindi yametolewa ganda, zamani kwa kinu, siku hizi kwa mashini, yanachanganywa na maharagwe ama nzuu, yaani mbaazi. Kwa susu yangu, sufuria inawekwa motoni saa nane mchana ndio watu wale saa mbili usiku. Kati ya hapo kuna mtu anachochea kuni, na karibu kila mara mtu huyo ni msichana mwenye homuweki ya kesho. Hilo ndilo linanikera kuliko hata bei ya makaa.

Na huku kwetu nafaka inachelewa kuiva kuliko Mombasa, si kwa sababu sufuria zao ni nzuri. Tuko juu. Hapa Tala maji yanachemka yakifika kama nyuzi 95, hayangoji 100. Unaweza kuongeza kuni mpaka ukuta uwe mweusi, maji hayapiti hapo, yanageuka mvuke na kwenda zake. Presha kuka inaufungia huo mvuke ndani, presha inapanda, joto linapita nyuzi 110. Hakuna uchawi mwingine. Muthokoi iliyolowekwa usiku inaiva kabla hujamaliza kutazama mechi.

Sasa najua mtasema nini, kwa sababu mwaitu pia alisema: "Stima inakula pesa." Sikubishana. Nilisoma mita kabla ya kupika, nikasoma tena baada ya muthokoi na maharagwe ya watu watano kuiva. Haikufika nusu uniti. Hata ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, hiyo ni chini ya shilingi 15.

"Hiyo mita yako inadanganya," akaniambia. Lakini Jumapili iliyofuata ndiye aliyeniuliza kama nimeloweka maharagwe.

Watu wengi wanaosema kupikia stima ni ghali walikutana na koili kwanza, na kuhusu koili hawajakosea. Koili ya wati 1,000 ikiwaka masaa matatu imekula uniti 3, na nusu ya joto imepasha hewa ya chumba. Presha kuka inaweza kuandikwa wati 1,000 hizo hizo, lakini ikishapata presha inajizima, inajiwasha kidogo, inajizima tena, na joto limefungiwa. Kenya Power wenyewe wana kampeni inaitwa Pika na Power. Ndiyo, wao ndio wauzaji wa stima, kwa hivyo usiwaamini bila kusoma mita yako. Angalia pia uko kundi gani la bei, kwa sababu anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi, anayefika 100 na anayepita 100 hawalipi sawa.

Kuna wale mtaniambia landilodi hataki mpikie stima kwa sababu mita ni moja ya ploti nzima. Hiyo ni shida ya kweli na sina dawa yake, isipokuwa kumuonyesha hizo hesabu. Wengine humkwepa kwa kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha kwa sababu ya baridi ya Julai. Hapo ndipo naomba mnisikize kabisa. Makaa yakishashika hayatoi moshi mwingi, na ndiyo maana watu huyaamini chumbani. Ile hewa yake, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Unasikia kichwa kizito, unafikiri ni usingizi, unalala. Jiko likae nje. Hata likizimwa lisirudi ndani na makaa yakiwa bado na joto.

Haya, umeamua kununua. Presha kuka za stima nilizoona Luthuli na hapa kwetu ziko kati ya shilingi 7,000 na 15,000. Ni doo nyingi, kwa hivyo usiharakishwe na muuzaji anayekuita "boss wangu" kila sentensi mbili. Ipindue usome chini. Inafaa iandikwe 220 hadi 240 volti. Mitumba ya Uingereza inaingiliana na stima yetu na hata plagi ni ile ile, lakini kuna vitu vya Marekani vinavyotaka 110 ama 120. Binamu yangu alinunua maikrowevu ya hivyo kwa mtu wa mitumba. Ilitoa moshi kabla hata chai haijapata joto, na mwenye duka akasema mali ikitoka mlangoni si yake tena. Ungeambiwa hivyo ungesema nini? Sema Katiba, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa. Halafu toa risiti, kwa sababu bila risiti hata Katiba itakuangalia tu. Kama kina alama ya ubora ya KEBS, tuma SM# na nambari iliyo chini ya alama kwa 20023, uone kama jina litakalorudi ni la hiyo kampuni. Na kiwashwe ukiwa hapo hapo dukani.

Kutumia si ngumu. Maharagwe na mahindi hufura, kwa hivyo usipite nusu ya sufuria. Kifuniko kikikataa kufunguka, kiache, bado kuna presha. Yule jamaa wa kulazimisha na kijiko ndiye huishia hospitali. Chomeka ukutani, si kwa ekstensheni ya shilingi mia mbili iliyobeba tivi na friji. Stima ikipotea katikati, chomoa na usifungue, nafaka inaendelea kuiva na joto lililobaki. Ngoja dakika kadhaa stima ikirudi ndio uchomeke tena, maana mara nyingine hurudi na nguvu ya kuchoma kitu. Friji nayo iwekee gadi.

Kuosha ndiko watu hulemewa. Sufuria ya ndani inatoka, ioshe utakavyo, lakini ile mashine yenyewe usiitumbukize kwa karai hata kama mgeni amekusaidia kazi. Vali ipitishe maji kila mara, kwa sababu ganda moja la maharagwe linatosha kuiziba. Raba ya kifuniko itoe, ioshe, ikauke. Ukiiacha na mchuzi, wiki ijayo chai yako itanuka samaki.

Birika la stima pia, wenye maji ya kisima mnajua ule ukoko mweupe chini. Hiyo ni chokaa ya maji magumu, na inafanya waya uhangaike. Siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha nusu saa, suuza vizuri. Limau pia hufanya kazi. Msugue kwa waya wa chuma hapana.

Nimeombwa mara mbili nitangaze eafraya hapa kwa pesa. Nilikataa zote mbili. Si kwamba ni takataka; ukiwa na presha kuka, mtungi wa gesi wa siku stima imepotea, na kodi imelipwa, nunua, hata nitakuja kula hivyo vibanzi.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Raba ya lita 6 ikichoka, wapi hapa Tala wanauza hiyo raba peke yake? Maduka manne yameniambia ninunue mashine nzima. Kama kuna fundi mnayemjua karibu na soko anayeziweka, niandikieni hapo chini, na mseme inauzwa ngapi.