Anayejisemea si lazima awe kichaa

Jumamosi moja nilikuwa sokoni Mabanda nikitafuta mchele. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara, aliyekuwa amevuka asubuhi hiyo kutoka Manyovu na maharage yake. Macho ameyakaza chini, midomo inacheza, kidole gumba kinapita juu ya vidole vingine kimoja kimoja. "Debe sita mara arobaini na mbili elfu, laki mbili na hamsini na mbili. Toa bodaboda. Toa ushuru. Toa kijana wa mzigo..." Kijana aliyekaa juu ya gunia akacheka kwa sauti, akawaambia wenzake kwamba mama huyu kazi imemshinda, bado kuokota makopo tu. Mama hakumjibu. Alianza hesabu upya kutoka debe la kwanza, maana kicheko kilikuwa kimempotezea mahali alipofikia.

Mimi sikucheka, lakini pia sikumkemea kijana. Nilikosa uso wa kumkemea, kwa sababu juma lile lile nilikuwa nimemtoa nje mwanafunzi wangu kwa kosa hilo hilo.

Katika jamii yetu mtu anayeongea peke yake ana maelezo mawili tu: ama karogwa, ama akili zimemruka. Akiwa na simu sikioni hatumuulizi kitu, hata kama simu yenyewe haina chaji. Akiwa kanisani au msikitini amefumba macho, tunasema ni mcha Mungu. Lakini akijisemea njiani tunawavuta watoto pembeni. Naomba nieleweke. Wako wagonjwa wa kweli, wanaojibizana na sauti ambazo sisi hatuzisikii, hawalali, hawali, na hao wanastahili kupelekwa kwa waganga wa akili kama walioko kituo cha Kamenge, Bujumbura, badala ya kufungwa kamba nyumbani. Ninaowatetea leo ni wengine, na kati yetu tuliorudi kutoka ukimbizini ni wengi mno.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka 1980. Baba alikuwa amekimbia mauaji ya mwaka 1972 akiwa kijana. Kule alilima tumbaku, kama majirani wengi, na kila siku akiwa shambani alikuwa akijisemea. Sisi watoto tulisoma kwa Kiswahili, tulicheza kwa Kiswahili, na kwa kweli tulimwonea aibu mzee wetu aliyekuwa akinung'unika Kirundi nyuma ya jembe. Rafiki zangu wakija nyumbani nilikuwa nawapitisha upande wa pili wa nyumba ili wasimsikie.

Nilipokua ndipo nilipotega sikio vizuri. Mzee alikuwa anatembea kwenye shamba lake la Burundi. Kutoka kwenye mti wa umuvumu kushuka hadi kijitoni. Kutoka kijitoni kufuata michikichi hadi kwa fulani. Kutoka kwa fulani kupanda hadi jiwe kubwa. Kisha anarudi kwenye umuvumu na kuanza tena. Hakuwa na hati wala ramani, na wale waliolijua shamba lile walikuwa wamekufa au wametawanyika. Alichokuwa nacho ni maneno hayo, na aliyashika kwa kuyasema.

Tulirudi mwaka 2009. Walipokuja wajumbe wa kusikiliza mgogoro wa ardhi, kwani kiwanja kilikuwa na watu wengine, mzee aliulizwa mipaka yake. Umuvumu ulikuwa umekatwa zamani. Aliwapeleka mahali uliposimama, wakakuta kisiki chini ya majani. Akashuka nao hadi kijitoni, akiwatajia kila hatua kabla hawajaifikia, kwa maneno yale yale niliyokuwa nikiyaonea aibu. Mwisho tuligawana shamba na wale waliokuwa wakilikalia, na tunaishi nao hadi leo. Lakini bila manung'uniko yale tusingekuwa na hata nusu ya kugawana. Alifariki mwaka 2016, nasi tukamzika pale pale.

Ungetegemea mtoto wa mzee huyo awe mwalimu mwenye busara zaidi. Nina mwanafunzi mmoja, binti, aliyesoma hadi darasa la nne upande wa Tanzania kwa bibi yake. Nikiandika hesabu ubaoni, maswali yakiwa kwa Kifaransa, yeye anainamisha kichwa na kunong'ona: "Saba mara nane, hamsini na sita." Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nikasema, "Kelele! Na hapa si Kigoma," nikamtoa nje. Darasa zima lilicheka. Tangu siku ile alikaa kimya kabisa, nami nikajisifu kwamba ameadilika. Kisha nikasahihisha jaribio. Mtoto aliyekuwa akipata nane au tisa juu ya kumi alipata tatu.

Chuoni tulifundishwa habari za Jean Piaget wa Uswisi, ambaye mwaka 1923 aliandika kwamba mtoto mdogo hujisemea kwa kuwa bado hajajua kuzungumza na wenzake, na kwamba tabia hiyo hufifia akikua. Kuna mwingine tuliyempita haraka haraka, Lev Vygotsky, aliyekufa mwaka 1934 kwa kifua kikuu kabla hajafikisha miaka 38. Yeye alisema maneno yale hayapotei bali yanaingia ndani na kuwa mawazo. Tena aliona kwamba mtoto akiwekewa kikwazo katika kazi, kwa mfano akose karatasi au penseli anayoihitaji, kujisemea kwake kunaongezeka karibu maradufu. Kazi ikiwa ngumu, ulimi unakuja kusaidia. Kwa hiyo nilimnyang'anya binti yule msaada pale pale alipouhitaji.

Kuna jambo ambalo sisi tuliosomea ugenini tunalijua bila kitabu. Mtu anaweza kusalimia kwa Kirundi, akaandika barua kwa Kifaransa, lakini hesabu inarudi kwenye lugha aliyoimbia jedwali akiwa na miaka minane. Mimi mwenyewe nafundisha septante na nonante, kama walivyotuachia Wabelgiji, ila nikipokea mshahara nauhesabu sabini, themanini, tisini. Wapo wanaosikia hivyo na kukata shauri kwamba huyu si mwenzetu. Nimeshasikia hilo kwenye foleni ya kitambulisho, na nimelisikia mpakani, pale Mugina na pale Kobero. Kwa miaka yote ile baba yangu alihesabu mipaka yake kwa Kirundi katikati ya Unyamwezi. Leo mjukuu wake anahesabu kwa Kiswahili hapa Mabanda. Nani kati yao msaliti?

Wafanyabiashara wana hasara nyingine inayohesabika kwa noti. Wako wabadilishaji fedha wanaosubiri hadi mama afike katikati ya kugeuza shilingi kuwa faranga, ndipo wanamtupia mzaha au kumsalimia kwa furaha isiyo ya kawaida. Akipoteza hesabu, wao wanamkamilishia. Mama zangu, msione haya. Semeni kwa sauti, na mtu akiwakatiza anzeni upya, hata kama foleni inaguna. Na wewe kijana wa juu ya gunia, ule mchele ulionunua jana uliuzwa na mtu aliyehesabu hivyo hivyo.

Binti nimemwomba radhi mbele ya darasa, jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawakulipenda. Nimemhamishia dawati la nyuma, karibu na dirisha, anakoweza kunong'ona bila kuwasumbua wengine. Juma lililopita wanafunzi wawili wameomba kukaa naye. Mmoja wao hajawahi kuvuka mpaka, na ananong'ona Kirundi.